Magonjwa ya njiwa yanavyovuka mpaka ndani ya tenga

NJIWA ni biashara nyepesi. Hahitaji lori wala majani ya kumlisha njiani kama mbuzi, na anatosha ndani ya katoni iliyotobolewa matundu na kufungwa nyuma ya pikipiki. Kwa mfanyabiashara mdogo wa Busia, Namanga, Mutukula au Rusumo, jozi chache za njiwa manga zilizochanganywa na mzigo wa kuku zinaweza kuongeza faida ya safari bila kuongeza gharama kubwa.

Wepesi huo una upande wa pili. Njiwa ni miongoni mwa ndege wanaobeba virusi bila kuonyesha dalili kwa siku nyingi. Anaweza kununuliwa asubuhi akiwa na macho maangavu na manyoya yaliyolala vizuri, akapita sokoni, akalala stendi, akavuka mpaka na kuingia kwenye banda jipya, ndipo wiki moja au mbili baadaye shingo yake ianze kupinda. Wakati huo aliyemuuza ameshanunua wengine, na tenga lililombeba limeshabeba kuku wa mtu mwingine.

Wataalamu wa mifugo wanajua kwa muda mrefu kwamba magonjwa ya virusi ya njiwa hayaenei zaidi kwa sababu njiwa anaruka. Yanaenea kwa sababu njiwa anabebwa. Historia ya ugonjwa mmoja, kideri cha njiwa, inaonyesha jambo hilo wazi, na mfanyabiashara wa ndege ana sababu ya kuijua kwa kuwa yeye ndiye anayeshika tenga.

Ugonjwa wenye majina mengi

Kideri, ambacho Tanzania wengi hukiita pia mdondo na ambacho mipakani hujulikana zaidi kwa jina la Newcastle, si kigeni kwa wafugaji wa kuku. Kilielezwa na wataalamu mwaka 1926, karibu wakati mmoja katika kisiwa cha Java na katika mji wa Newcastle upon Tyne nchini Uingereza, ambako kilipata jina lake. Afrika Mashariki kiliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1935 karibu na Mombasa. Tangu hapo kimekuwa adui mkubwa wa kuku wa kienyeji, kikiweza kumaliza banda zima ndani ya siku chache.

Kwa miaka mingi kideri kilihesabiwa kuwa ugonjwa wa kuku. Njiwa waliweza kuambukizwa, lakini hawakuwa na mlipuko wao wenyewe. Hali hiyo ilibadilika mwishoni mwa miaka ya 1970, pale aina mpya ya kirusi hicho iliyozoea mwili wa njiwa ilipojitokeza Mashariki ya Kati. Iraq ni miongoni mwa nchi ambako ilionekana mapema, mwaka 1978. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa imefika Italia, na mwaka 1983 ilikuwa Uingereza. Baadaye ilienea karibu kila bara ambako watu wanafuga njiwa.

Hakuna njiwa mmoja aliyeruka kutoka Iraq mpaka Uingereza. Kirusi kilipita mkono kwa mkono. Ulaya ina wafugaji wengi wa njiwa wa mashindano, na katika mashindano hayo njiwa wa mabanda mbalimbali hupakiwa pamoja kwenye vikapu, husafirishwa kwa lori mbali na nyumbani, kisha huachiwa warudi. Usiku mmoja ndani ya kikapu unatosha kwa njiwa wa mtu mmoja kunywa maji yaliyochafuliwa na njiwa wa mtu mwingine. Asubuhi kila mmoja anarudi kwao na alichokiokota. Maonyesho na minada ya njiwa nayo iliongeza njia.

Australia ilijikinga kwa miaka mingi, ikisaidiwa na bahari na sheria kali za kuingiza ndege. Agosti 2011 kirusi hicho kiligunduliwa katika jimbo la Victoria. Baadaye kilipatikana New South Wales, na kikavuka maji hadi kisiwa cha Tasmania. Njiwa wengi walikufa, na wafugaji waliokuwa hawajui chanjo ya njiwa ni nini ikawabidi waanze kuchanja.

Somo la bandari ya Liverpool

Tukio linalowahusu zaidi wafanyabiashara lilitokea Uingereza mwaka 1984. Mashamba ya kuku ambao hawakuwa wamechanjwa yalianza kupata kideri, moja baada ya jingine, mpaka milipuko ikazidi 20. Mashamba mengine yalikuwa mbali na mengine, na kuku wao hawakuwa wameuziana. Wachunguzi walipofuatilia kilichoyaunganisha, wengi wao walifika mahali pamoja: chakula cha kuku.

Malighafi ya chakula hicho ilikuwa imehifadhiwa kwenye maghala ya bandari ya Liverpool. Maghala hayo yalikuwa na njiwa wa mtaani waliokuwa wakiingia na kutoka, wakila nafaka na kuacha kinyesi juu yake. Baadhi yao walikuwa na kideri cha njiwa. Nafaka ikasagwa, ikapakiwa kwenye magunia, ikasambazwa mashambani, na kirusi kikafika kwenye mabanda ambayo hayakuwa na njiwa hata mmoja.

Tukio la Liverpool lina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba ugonjwa wa njiwa haubaki kwa njiwa. Majaribio ya maabara yameonyesha kuwa kirusi kilichotoka kwa njiwa kinaweza kuanza kwa upole kwa kuku, lakini kikipita kuku hadi kuku mara kadhaa kinaweza kuongeza ukali. La pili ni kwamba mzigo usio na uhai nao unaweza kubeba ugonjwa. Gunia la mtama au mahindi lililokaa wazi kwenye ghala lenye njiwa ni hatari ileile kama tenga lenye njiwa mgonjwa. Kwa anayenunua nafaka upande mmoja na kuiuza kwa wafugaji upande wa pili, paa lililotoboka na dirisha lisilo na wavu ni mambo ya biashara yake.

Ndani ya tenga kunatokea nini

Njiwa aliyeambukizwa kideri hutoa virusi kwa kinyesi na kwa majimaji ya mdomoni na puani. Anaanza kutoa virusi kabla hajaonyesha dalili. Muda kati ya kuambukizwa na kuugua si mmoja: unaweza kuwa siku chache, na unaweza kufika wiki kadhaa. Hapo ndipo mnunuzi mwenye jicho zuri anapodanganyika. Anamkagua njiwa macho, mdomo na mabawa, anaridhika, analipa, na bado amenunua ugonjwa.

Dalili zikianza, ya kwanza mara nyingi ni maji mengi. Njiwa anakunywa kupita kawaida na kinyesi chake kinakuwa dimbwi la maji lenye nyuzi chache katikati. Wauzaji wengi huona hali hii wakadhani ni kuhara kwa sababu ya kubadilishiwa chakula. Baadaye huja dalili za mishipa ya fahamu: kutetemeka, shingo kupinda mpaka kichwa kikageuka juu chini, kuzunguka mahali pamoja, bawa au mguu kulegea. Ipo dalili moja ambayo mfugaji mzoefu haikosi: njiwa anadonoa punje na kuikosa, anadonoa pembeni yake tena na tena, kana kwamba hajui punje iko wapi. Wengine hufa, hasa makinda. Wengine hupona polepole kwa wiki nyingi iwapo watasaidiwa kula na kunywa.

Chukua mfano wa mfanyabiashara aliyenunua njiwa 30 katika vijiji vitano. Kama mmoja tu ana kirusi, wenzake 29 wanalala naye katika nafasi ndogo, wanakanyaga kinyesi kimoja na kunywa kikopo kimoja. Joto, kiu na msukosuko wa barabara hupunguza nguvu ya mwili kupambana. Akifika sokoni anawaweka jirani na matenga ya wenzake. Akiuza 20, hao wanaondoka na wanunuzi mbalimbali. Waliobaki 10 wanarudi nyumbani kwake na kuingizwa kwenye banda la njiwa wake wa kuzalisha.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayowaumiza wafanyabiashara wenyewe zaidi. Njiwa aliyekwenda sokoni na kurudi bila kuuzwa hana tofauti na njiwa mgeni. Amelala na wageni, amekula na wageni. Wengi huwa waangalifu na njiwa wanayemnunua lakini hawamwogopi wa kwao anayerudi.

Kirusi pia husafiri bila njiwa. Kinyesi kilichokauka kwenye mianya ya tenga, kwenye soli ya kiatu, kwenye ngozi ya kiti cha pikipiki au kwenye kikopo cha maji kinaweza kubaki na virusi hai kwa muda mrefu mahali penye kivuli na ubaridi. Jua kali na ukavu hukidhoofisha. Mikono nayo ni njia. Anayeshika njiwa mgonjwa kisha akafikicha macho anaweza kupata macho mekundu yanayowasha kwa siku kadhaa. Kwa kawaida hali hiyo hupona yenyewe, lakini watu wenye kinga dhaifu ya mwili wanapaswa kuwa waangalifu zaidi.

Virusi vingine vyenye njia zao

Kideri si kirusi pekee. Kila kimoja kati ya hivi vingine kina njia yake, na kujua njia ndiyo kujua pa kukizuia.

Ndui ya njiwa ndiyo inayoonekana kwa urahisi. Hutoa vipele na magamba kuzunguka macho, kwenye pembe za mdomo na miguuni. Ikiingia kinywani huacha utando wa njano unaomzuia ndege kula au kupumua. Msambazaji wake mkubwa ni mbu, anayemuuma mgonjwa kisha mzima, na pia vidonda vya kudonoana. Magamba yanayodondoka hubaki na virusi kwa muda mrefu kwenye vumbi la banda. Ndiyo maana ndui huongezeka baada ya mvua, na katika maeneo ya kandokando ya ziwa au mabwawa ya mpunga si rahisi kuiepuka bila kuzuia mbu.

Kirusi cha hepesi cha njiwa kina tabia nyingine. Njiwa akishakipata hukaa nacho maisha yake yote, akiwa mzima kwa macho. Msimu wa kuzaliana, mwili unapochoka, kirusi huamka na kutoka na kile kinachoitwa maziwa ya njiwa, yaani uji mzito unaotengenezwa kwenye kifuko cha chakula shingoni, ambao wazazi wote wawili huwalisha makinda. Hivyo mzazi humpa kinda chakula na kirusi kwa pamoja. Anayenunua jozi ya kuzalisha hawezi kukigundua kwa kuitazama.

Vipo pia virusi vya sirko, vinavyowashambulia zaidi njiwa wenye umri wa chini ya mwaka mmoja. Vyenyewe haviui sana, bali hubomoa kinga ya mwili, kisha magonjwa mengine yakamalizia kazi. Mfanyabiashara akiona kundi la njiwa wachanga wanaokonda na kufa kwa sababu zinazobadilika kila siku, mara nyingi nyuma yake pana kirusi cha aina hii.

Cha karibuni zaidi kujulikana ni virusi vya rota. Mwaka 2016 wafugaji wa jimbo la Western Australia walishuhudia njiwa wao wakitapika, wakiharisha kijani na kufa ghafla. Wengi walidhani ni kideri. Vipimo vikaonyesha ni aina ya kirusi cha rota ambayo ilikuwa haijajulikana kusababisha ugonjwa wa namna hiyo kwa njiwa. Baadaye ugonjwa ulionekana Victoria na South Australia, na watafiti wa Ujerumani nao wakakihusisha kirusi cha namna hiyo na ugonjwa wa njiwa wachanga uliokuwa umewasumbua wafugaji wa huko kwa miaka mingi.

Homa ya mafua ya ndege huleta hofu zaidi, lakini kwa njiwa picha ni tofauti kidogo. Majaribio yameonyesha kuwa njiwa huambukizwa mafua hayo kwa shida kuliko kuku au bata. Hilo halimfanyi kuwa salama kabisa: anaweza kuambukizwa, na anaweza kubeba uchafu wa banda lenye ugonjwa kwa miguu na manyoya yake.

Gharama inapofika mpakani

Kwa mfanyabiashara, hasara ya kwanza ni ndege waliokufa. Ya pili, ambayo mara nyingi ni kubwa zaidi, ni mpaka kufungwa.

Januari 2017 Uganda ilithibitisha mafua ya ndege aina ya H5N8 kwa ndege wa mwituni kwenye fukwe za Ziwa Victoria. Ndani ya muda mfupi Kenya na Rwanda zilizuia kuku na mazao ya kuku kutoka Uganda. Waliokuwa wakiishi kwa kupeleka mayai na kuku Busia walijikuta na mzigo usio na soko, ingawa kuku wao hawakuwa na ugonjwa. Mwezi Oktoba mwaka huohuo, vifaranga 6,400 walioingizwa Tanzania kutoka Kenya kupitia Namanga bila kibali waliteketezwa kwa moto, na sababu iliyotolewa ilikuwa kuzuia magonjwa ya ndege. Tukio hilo lilizua malalamiko pande zote mbili za mpaka. Aliyepoteza mtaji alikuwa mfanyabiashara.

Njiwa hawakuwa sehemu ya matukio hayo mawili, lakini sheria iliyotumika ni ileile inayowagusa. Afisa wa mpakani anayeona katoni ya njiwa wasio na karatasi hawezi kujua kama wana kirusi. Anachoweza kufanya ni kuwarudisha, kuwakamata au kuwaangamiza.

Wapo wanaoficha ugonjwa kwa kuhofia kwamba ukiripotiwa nchi nzima itafungiwa soko. Kanuni za Shirika la Afya ya Wanyama Duniani zimelifikiria jambo hilo. Nchi haipaswi kuwekewa marufuku ya kuku kwa sababu tu virusi vya kideri vimepatikana kwa ndege wasiohesabiwa kuwa wa kufugwa kwa biashara ya chakula, kama ndege wa mwituni au njiwa wa mashindano. Njiwa wanaofugwa kwa ajili ya nyama na kuzalishwa kwa kuuzwa wamo katika hesabu nyingine. Kwa vyovyote, ugonjwa ulioripotiwa mapema kijiji kimoja huzuiwa kijiji kimoja, ilhali uliofichwa hugunduliwa ukiwa tayari wilaya tatu.

Karatasi gani zinahitajika

Wafanyabiashara wengi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wanaufahamu Utaratibu Rahisi wa Biashara, unaomwezesha mwenye bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani kutumia cheti rahisi cha uasili na kuvuka bila ushuru wa forodha. Kosa linalotokea mara nyingi ni kudhani kwamba cheti hicho kinamaliza kila kitu. Kinahusu ushuru. Hakihusu afya ya mnyama.

Kwa ndege hai, hata wakiwa jozi mbili, utaratibu wa kawaida una hatua tatu. Kwanza ni kibali cha kuingiza kutoka idara ya mifugo ya nchi mzigo unakokwenda, ambacho huombwa kabla ya safari na hutaja masharti, ikiwa ni pamoja na chanjo. Pili ni cheti cha afya cha kimataifa kutoka kwa daktari wa mifugo wa serikali wa nchi mzigo unakotoka, anayewakagua ndege wenyewe. Tatu ni ukaguzi kwenye kituo cha mpakani. Kusafirisha ndani ya nchi, kutoka wilaya moja kwenda nyingine, nako huhitaji kibali cha mifugo.

Kwa mwenye njiwa sita utaratibu huu ni mzito, na huo ni ukweli ambao vyama vya wafanyabiashara wa mipakani vina haki ya kuusemea. Katika vivuko vyenye msongamano kama ule wa Goma na Rubavu, ambako wengi wanaovuka kila siku ni wanawake wenye mitaji midogo na kuku mkononi, umbali wa ofisi na muda wa kusubiri ndio unaowasukuma watu kwenye njia za panya. Njia ya panya humpunguzia mtu foleni, lakini pia humnyima ukaguzi pekee ambao ungemwonyesha kuwa ananunua ndege wagonjwa.

Chanjo na wakati wake

Hakuna dawa inayoua virusi hivi vikishaingia mwilini mwa njiwa. Dawa za kuua bakteria zinazouzwa maduka ya mifugo zinaweza kusaidia magonjwa yanayofuata nyuma, lakini haziondoi kideri, ndui wala hepesi. Kuwapa ndege dawa hizo kabla ya safari ili waonekane wazima ni kutupa fedha.

Kinachosaidia ni chanjo, na inasaidia ikitolewa mapema. Kwa kideri cha njiwa, chanjo inayotumika nchi nyingi ni ya virusi vilivyouawa, inayochomwa chini ya ngozi ya shingo, na hurudiwa kila mwaka. Uingereza sheria inataka njiwa wa mashindano na maonyesho wawe wamechanjwa. Chanjo hii hutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na ikigandishwa huharibika. Mwili huhitaji wiki mbili au zaidi kujenga kinga, kwa hiyo njiwa aliyechanjwa asubuhi ya siku ya soko yuko sawa na ambaye hakuchanjwa. Aliyekwisha kuambukizwa haokolewi na sindano.

Kwa kuku wanaokaa pamoja na njiwa, kanda ina bahati ya kuwa na chanjo inayostahimili joto. Ile ya I-2, iliyotokana na utafiti uliofanyika Australia kwa ajili ya wafugaji wa vijijini, hutolewa kwa tone la jicho na huzalishwa Tanzania, katika taasisi ya chanjo za mifugo iliyoko Kibaha. Imetengenezwa kwa ajili ya kuku, na anayetaka kuitumia kwa njiwa amuulize kwanza daktari wa mifugo. Hata hivyo kuku waliochanjwa ni ukuta: kirusi kikitoka kwa njiwa hakipati mahali pa kuongezea nguvu.

Kazi ya kila siku

Mengi ya yanayozuia magonjwa haya hayahitaji maabara. Yanahitaji sabuni, matenga mawili badala ya moja, na subira.

La kwanza ni kutochanganya. Njiwa wa kila kijiji au kila muuzaji wakae tenga lao mpaka siku ya soko. Njiwa wasisafiri juu ya kuku, maana kinyesi hushuka.

La pili ni kutenga wageni. Njiwa wanaonunuliwa kwa ajili ya kuzalisha wakae peke yao mwezi mmoja kabla ya kuingizwa bandani, na kama hiyo haiwezekani, wasipungue wiki mbili. Wanaorudi sokoni bila kuuzwa wahesabiwe wageni. Mwenye banda ahudumie wa kwake kwanza, wageni mwisho, kisha anawe.

La tatu ni kuosha tenga kila safari, na kuosha kwa mpangilio. Kinyesi kikwanguliwe, tenga lisuguliwe kwa maji ya sabuni, ndipo ipakwe dawa ya kuua vijidudu na kuanikwa juani hadi likauke kabisa. Dawa ikimwagwa juu ya uchafu huishia kwenye uchafu. Virusi vya kideri, hepesi na ndui vina utando wa nje wenye mafuta ambao sabuni na dawa nyingi huweza kuudhuru. Virusi vya sirko na rota havina utando huo, ni vigumu zaidi, na kwa hivyo dawa lazima iachwe muda wote ulioandikwa kwenye chupa. Matenga ya matete na fito yana mianya mingi. Yale ya plastiki au waya huosheka kwa urahisi zaidi, na wengi wameona kuwa bei yake hurudi.

La nne ni maji. Kikopo kimoja kwa kila tenga, kisichochangiwa na jirani sokoni.

La tano ni chakula. Magunia yafunikwe, ghala liwekwe wavu, na nafaka iliyoonekana kuwa na kinyesi cha ndege isiuzwe kwa mfugaji.

La sita ni kumbukumbu. Daftari dogo lenye tarehe, kijiji alikonunuliwa njiwa na mtu aliyeuziwa linagharimu kidogo. Ugonjwa ukitokea, ndilo litakaloonyesha ulikoanzia, na ndilo litakalomtoa mfanyabiashara mwaminifu kwenye lawama.

Njiwa mwenye shingo iliyopinda asiuzwe kwa bei ya kutupa, na mzoga usitupwe jalalani wanakopita kuku na mbwa. Uchomwe au uzikwe shimo refu, na daktari wa mifugo aambiwe. Mnunuzi aliyeuziwa ndege mgonjwa hatarudi kwa muuzaji yuleyule, na habari zake zitafika ng'ambo ya pili ya mpaka kabla ya tenga linalofuata.

Kwa masoko ya mipakani yenyewe, bado kuna la kufanya ambalo mtu mmoja hawezi. Sehemu ya kuoshea matenga yenye maji ya bomba, eneo la ndege lililotengwa na nafaka, siku moja ya wiki ya kuacha mabanda ya soko wazi na kuyasafisha, na daktari wa mifugo anayepatikana siku ya soko ni mambo ambayo ushuru unaolipwa na wafanyabiashara kila siku unaweza kuyagharimia. Vyama vyao vinapokutana na wakuu wa soko kuzungumzia ushuru, hayo nayo yanastahili kuwa mezani.